Kilichopotea Kina Mwenyewe

Katika darsa yetu limezungumzwa swali ambalo kwa mara ya kwanza laonekana dogo, lakini kila likifunguliwa hutoka ndani yake jambo kubwa. Swali lenyewe ni hili: mtu aliye na chombo cha kutafutia madini chini ya mchanga, akaenda pwani akafukua pete au kipuli cha mtu asiyemjua, je, kitu kile ni chake? Na ikiwa ameitwa na mgeni amtafutie pete yake iliyopotea, yamjuzia kuchukua ujira? Na ikiwa hakuitwa wala hakuahidiwa kitu, ana haki gani? Twaona yatupasa kulijibu swali hili kwa urefu, kwa sababu dhahabu ni mali inayopendwa sana katika miji yetu ya pwani, na kwa sababu maneno yanayosikika vinywani mwa watu juu ya vitu vya kuokota yanakwenda kinyume na sheria. Utamsikia mtu akisema, "Kuokota si kuiba", na mwengine akisema, "Kilichochukuliwa na bahari hakina mwenyewe." Maneno yote mawili si ya kutegemewa, kama tutakavyobainisha inshallah.

Kwanza natukifahamu chombo chenyewe, ili tusikiogope wala tusikitukuze. Wengi wetu tumekwisha kukiona kile kidogo ambacho bawabu wa duka kubwa hutupitishia mwilini tukitaka kuingia. Hiki cha kutafutia ni ndugu yake: ni fimbo ndefu yenye duara la nyaya mwishoni. Umeme ukipita katika nyaya zile hutoa nguvu ya sumaku inayoshuka mchangani. Nguvu ile ikikuta madini huamsha ndani yake umeme mchache, na umeme huo hujulikana juu kwa mlio masikioni mwa mwenye chombo. Hapana jini wala siri. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule aliyejulikana kwa simu, alijaribu chombo cha namna hii kuitafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa James Garfield, Rais wa Marekani, wala hakufaulu. Katika Vita Vikuu vya Pili, afisa wa Kipolandi aliyeitwa Józef Kosacki alitengeneza chombo cha kugundulia mabomu yaliyofukiwa ardhini, na majeshi ya Uingereza yakakitumia El Alamein, katika nchi ya Misri, mwaka 1942. Bwana huyu hakudai hati ya kumiliki uvumbuzi wake, bali aliwapa Waingereza bure. Basi elimu iliyookoa miguu na roho za askari ndiyo leo inayotumiwa kutafutia pete za watu.

Lakini chombo hiki kina mpaka wake. Dhahabu safi ni nzito kuliko maji zaidi ya mara 19, na kwa uzito huo, pete ikianguka mahali yanapopiga mawimbi huzama mchangani upesi. Ikizama zaidi ya shubiri moja na nusu hivi, vyombo vingi havitaisikia tena. Maji ya chumvi nayo hupitisha umeme, kwa hivyo chombo cha bei ndogo hupiga kelele ovyo kwenye mchanga uliolowa. Tena mlio wa pete ya dhahabu wafanana sana na mlio wa kishikio cha mkebe wa soda, hata mtafutaji hana budi achimbe takataka nyingi kabla ya kuipata pete moja. Na lililo kubwa zaidi ya yote ni kuwa chombo chaweza kujua kwamba hapa pana madini, lakini hakiwezi kujua madini hayo ni ya nani. Hilo la pili si kazi ya umeme; ni kazi ya moyo wa mtu na dini yake.

Pengine mtu atauliza: je, pambo la mwanamke lastahiki kushughulikiwa hivi, na dunia ina mambo makubwa ya kutufikirisha? Sisi twamjibu kwa mambo mawili yaliyompata Bibi Aisha (r.a.), mama wa waumini, yote mawili kwa sababu ya kidani.

La kwanza ni lile lililotokea safarini, alipopotewa na kidani alichokuwa amekiazima kwa dada yake Asma. Mtume (s.a.w.) alisimama pale ili kitafutwe, na watu wote wakasimama pamoja naye, hali ya kuwa hawakuwa na maji wala mahali pale hapakuwa na maji. Sayyidna Abubakar alimjia binti yake akamlaumu kwa kuwazuia watu. Hata kulipokucha ikateremka aya ya tayammum, ikawa rehema kwa umma wote mpaka leo. Na ngamia aliposimamishwa, kidani kikaonekana chini yake. Natulizingatie jambo hili. Jeshi zima lilisimama jangwani kwa ajili ya mkufu wa kuazima, wala Mtume hakuuona kuwa ni upuuzi. Hakuna dalili iliyo wazi zaidi ya hii kuwa kutafuta kitu cha mtu kilichopotea, hata kiwe pambo, ni amali njema.

La pili ni katika vita vya Banil-Mustalik. Bibi Aisha alikwenda haja, na aliporudi akaona kidani chake kimekatika. Akarejea kukitafuta, akakipata. Lakini msafara ulikuwa umekwisha kuondoka, kwani waliobeba tahtarawani walidhani yumo ndani. Safwan bin Muattal akamkuta akamrudisha, na wanafiki wakazua uongo wao. Mji wa Madina uliteswa na maneno yale kwa muda wa kama mwezi, mpaka Mwenyezi Mungu alipoteremsha aya za Suratun-Nur kumtakasa. Basi tazameni: kidani kilipatikana mara ile ile, lakini jina la mtu asiye na kosa lilikaa mwezi mzima mikononi mwa wasemaji.

Na haya si ya zamani tu. Katika miji yetu, bangili ikikosekana nyumbani baada ya kutoka pwani au arusini, wa kwanza kutazamwa ni yaya au mtumishi. Hufunguliwa mfuko wake, huulizwa maneno asiyoyaweza, na pengine hufukuzwa bila ya mshahara wake. Wengine huenda kwa mganga kupiga ramli, na mganga hutaja kwa mafumbo mtu mweupe kidogo, mfupi kidogo, anayeingia na kutoka. Na nyumba ipi isiyokuwa na mtu wa sifa hizo? Wengine hutangaza kuwa watasoma Halbadiri, na jirani hulala akimshuku jirani. Kumbe bangili imelala mchangani ilikodondoka, chini ya shubiri moja, haina khabari ya haya yote. Kumwendea mpiga ramli na kumsadiki ni jambo lililokatazwa katika dini yetu kwa makatazo makali, na kumtuhumu mtu kwa dhana ni dhambi nyengine juu yake. Mwenye chombo anayekwenda pale pwani akaitoa bangili mchangani hamrudishii mwenyewe dhahabu yake tu. Humrudishia yule mtumishi jina lake, na hulivunja soko la mganga. Kwa hivyo sisi twaihesabu kazi hii kuwa ni katika kusaidiana kwa wema, ikiwa itafanywa kwa amana.

Sasa natuje kwenye hukumu. Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya kitu kilichookotwa, akamuamrisha muulizaji akijue chombo chake na kamba yake iliyofungiwa, kisha akitangaze muda wa mwaka mmoja, akija mwenyewe apewe, na asipokuja basi aliyekiokota aweza kukitumia. Hadithi hii imo katika Sahihi mbili, na juu yake wanavyuoni wamejenga mlango mzima wa fikihi uitwao mlango wa luqata. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kitu kile katika mwaka wa kutangazwa ni amana mkononi mwa aliyekiokota. Hata mwaka ukipita akakimiliki, kisha mwenyewe akatokea, yampasa amrudishie. Na ikiwa kimekwisha tumika amlipe thamani yake. Kitu duni ambacho mwenyewe hatakirudia, kama tende moja njiani, hakitangazwi. Na kitu cha thamani ndogo hutangazwa kwa muda unaokadiriwa kuwa mwenyewe atakuwa bado akikitafuta. Ama pete ya dhahabu, nani atasema kuwa ni duni?

Basi maneno ya kuwa kuokota si kuiba yana ukweli nusu. Kuokota peke yake si kuiba, lakini kuokota na kuficha ni khiana. Hata sheria ya jinai ya Kenya haimwachi huru kila aokotaye. Humwachia yule asiyemjua mwenyewe, na ambaye ana sababu ya haki ya kuamini kuwa mwenyewe hawezi kupatikana; ama ajuaye au awezaye kumjua, kisha akakifanya kitu kile chake, huingia katika wizi.

Na maneno ya kuwa kilichochukuliwa na bahari hakina mwenyewe yataka kupambanuliwa. Wazee wetu wa pwani walijua kuwa ambari ikitupwa na bahari ufukoni ni ya aliyeiona, kwa sababu ni riziki ambayo haijaingia katika milki ya mtu. Mafakihi nao walisema kuwa lulu isiyotobolewa ni ya aliyeipata. Lakini ikiwa imetobolewa, basi ni luqata, kwa kuwa tundu lile ni alama ya mkono wa mwanadamu, na palipopita mkono wa mwanadamu pana mwenyewe. Tukiichukua kanuni hii nzuri tukaitia katika swali letu, jawabu hutoka peke yake: kila pete iliyofuliwa na sonara, kila kipini na kila kikuku, ni lulu iliyotobolewa. Wako wanavyuoni waliosema kuwa mali iliyozama baharini, mwenyewe akaiwacha, ni ya yule aliyeizamia akaitoa. Lakini maneno yao ni juu ya mali iliyowachwa. Mwanamke aliyepotewa na pete ya mahari yake hakuiwacha. Ameondoka ufukoni akigeuka nyuma, na kukata tamaa si kutoa.

Yuko atakayesema: "Mimi nikichimba nikapata dhahabu ya kale, hiyo ni rikazi, nitatoa khumsi yake na iliyobaki ni yangu." Twamwambia: rikazi ni dafina ya watu wa zama za kabla ya Uislamu. Ama Gedi, Mnarani na Takwa ilikuwa ni miji ya Waislamu, na misikiti yao ingali imesimama ikishuhudia. Kwa hivyo mali yao iliyofukiwa haimo katika hukumu ya rikazi. Tena magofu hayo yamehifadhiwa kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na hairuhusiwi kuchimbua vitu vya kale bila ya leseni. Basi mwenye chombo na apaepuke mahali hapo.

Ama juu ya ujira, wanavyuoni wametaja mlango mwengine uitwao ju'ala, nao ni mtu kusema, "Atakayenirudishia kitu changu kilichopotea nitampa kadha." Wengi hutolea dalili kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), pale mnadi alipoahidi shehena ya ngamia kwa atakayekileta chombo cha mfalme kilichokosekana. Basi hapana ubaya mwenye pete kuahidi, wala hapana ubaya mtafutaji kupokea. Na tofauti ya ju'ala na ijara ni kuwa katika ijara mtu hulipwa kazi yake kitu kipatikane au kisipatikane, na katika ju'ala halipwi mpaka kipatikane. Ikiwa mtafutaji ataka nauli yake au mafuta ya gari lake kwa hali zote mbili, na aseme hayo mwanzo, kabla hajakitia chombo mchangani, ili maneno yawe wazi.

Lakini kuna mambo mawili yanayosahauliwa. La kwanza, aliyekiokota kitu bila ya kuahidiwa chochote hana haki ya kudai ujira. Akipewa zawadi apokee kwa shukrani, asipopewa ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. La pili, aliye na kitu tayari mkononi mwake, kisha akasikia mwenyewe akiahidi, hawezi kuidai ahadi ile kwa kurudisha tu, kwa sababu kurudisha kwenyewe kulikuwa kumekwisha kumpasa. Na lililo baya zaidi ni kumwambia mwenye kitu, "Ninacho, lakini sikutoi bila ya kiasi hiki." Huo si ujira bali ni fidia, na kitu kile kimekuwa mateka. Vile vile, kumuona mtu analia ukapandisha bei juu ya machozi yake ni dhuluma, hata akikubali, kwani kukubali kwake ni kwa dhiki.

Natutoe mfano mmoja kutoka mbali, kwa kuwa hikima ni ya kuchukuliwa popote inapopatikana. Mwezi wa Novemba mwaka 1992, katika kijiji cha Hoxne, katika jimbo la Suffolk huko Uingereza, mzee mmoja aliyeitwa Eric Lawes alitoka na chombo chake kumtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea shambani. Nyundo tu. Chombo kikalia kwa nguvu, akachimba, akaona vijiko vya fedha, mapambo ya dhahabu na sarafu nyingi. Angaliweza kuyazoa usiku akayauza kimya kimya. Badala yake alisita, akawapelekea khabari wahusika, na wataalamu wa mambo ya kale wakaja kuchimba kwa utaratibu. Zilitoka sarafu zipatazo 15,000 za zama za Warumi, na vidani, bangili na vyombo vya fedha. Serikali ilimpa tuzo ya pauni milioni 1.75, naye akagawana na yule mkulima. Ile nyundo nayo ilionekana, na leo imewekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza pamoja na hazina ile.

Nchi hiyo hiyo, mwaka 2015, watu wawili wenye vyombo kama hivyo walifukua dafina ya zama za Waviking karibu na mji wa Leominster. Wao walificha. Katika sarafu zinazokadiriwa kuwa 300 zilipatikana 31 tu, na mwaka 2019 mahakama iliwatia hatiani na kuwafunga. Lau wangalitoa khabari kama sheria yao ilivyotaka, wangalipata fungu lao la halali mchana mbele ya watu. Chombo kilikuwa kimoja, na ardhi ni ya nchi moja. Kilichotafautisha ni kuwa yule alitoka kumtafutia mwenziwe, na hawa walitoka kujitafutia nafsi zao.

Wako watakaosema kuwa pete ya mtalii, asiyekuwa mwenzetu katika dini, hukumu yake ni nyengine. Hawa twawakumbusha usiku wa Hijra. Makureshi waliokuwa wakitaka kumuua Mtume (s.a.w.) ndio waliokuwa wameziweka amana zao kwake, kwa kuwa hawakumjua Makka nzima mtu mwaminifu kumshinda. Alipoondoka alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili amrudishie kila mmoja amana yake. Ikiwa amana ya adui ilirudishwa katika usiku wa khatari kama ule, itakuwaje kwa mgeni aliyekuja kuogelea katika bahari yetu, hatudhuru wala hatupigi vita? Yule mgeni hatavisoma vitabu vyetu. Kitabu atakachokisoma ni mkono wetu.

Tumebakisha adabu chache. Atangazaye asitaje sifa zote za kitu. Zamani ilikuwa mfuko na kamba. Leo ni maandishi yaliyochorwa ndani ya pete, uzito wake, na namba ya sonara kama 750 au 916. Siku hizi watu hupiga picha ya walichokiokota wakaieneza katika simu, kisha kila mwongo huweza kukieleza. Na aseme tu kuwa imeokotwa pete mahali fulani, na anayedai alete alama. Atangaze masokoni na milangoni mwa misikiti, wala si ndani ya msikiti, kwani hilo limekatazwa. Mashimo ayafukie, asije mtoto au mvuvi akavunjika mguu, wala asivifukue viota vya kasa. Vipande vya chuma na ndoana anazozitoa asizirudishe mchangani, kwani kuondoa udhia njiani ni katika imani.

Na mwenye kitu naye ana wajibu wake. Wapo wanaoahidi nusu ya thamani wakati machozi yanapowatoka, na pete ikirudi kidoleni huiona shilingi elfu kuwa ni nyingi. Ahadi ni deni. Aliyeinama juani tangu maji yanapotoka mpaka yanapojaa amestahiki alichoahidiwa, hata kama pete ilionekana mara ya kwanza alipochimba. Na aliyekuwa amemtuhumu mtumishi wake, pete ikionekana na amwendee amtake radhi mbele ya wale wale aliomtuhumu mbele yao, na amlipe haki yake. Kwani kufurahia dhahabu huku mtu ameachwa na aibu ni kuipata mali na kuipoteza akhera.

Enyi ndugu zetu, vyombo vitazidi kuwa vikali mwaka baada ya mwaka, na kila kilichofichikana mchangani kitakuwa chepesi kuonekana. Hukumu ya Mwenyezi Mungu haitabadilika kwa ukali wa chombo. Vijana wetu wanaotaka kununua vyombo hivi hatuwakatazi. Twawausia waijue hukumu ya luqata kabla ya kuijua milio ya chombo, na watoke kwa nia ya kuwatafutia watu. Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuchunga amana na ahadi zao, na awarudishie waliopotewa vilivyo vyao. Wabillahi tawfiq.